Siku Mia za Kiatu cha Kulia

4 Februari

Shikamoo Mjomba,

Mama amenipigia simu Jumapili akasema daktari amekukataza baiskeli, na wewe umemkataza daktari asikanyage kwako. Sijui nimpe pole nani. Huku hatujambo. Dada amejifungua wa tatu, msichana, kilo tatu na nusu, miguu mirefu kama yako. Chumba changu kimepata dirisha jipya baada ya lile la zamani kung'oka na fremu yake. Najua simu huitaki, masikio uliyaacha kule kwenye mashine za kukatia soli, kwa hiyo naandika.

Jambo lenyewe ni hili. Jana meneja wa kiwanda alikikataa kiatu changu mbele ya watu saba.

"Waendesha baiskeli wako wa aina mbili," alisema. "Kuna asiye na nauli na kuna mwanamichezo. Asiye na nauli hanunui kwetu. Mwanamichezo ana vyake. Wewe unamchorea nani?"

Nikamwambia namchorea karani wa benki. Asubuhi tatu mfululizo nimesimama pale wanapofunga baiskeli nyuma ya maofisi. Nimehesabu watu sitini na mmoja. Thelathini na wanane walikuwa na jozi ya pili kwenye mfuko. Huyo karani aliniambia, "Nikiingia na raba naulizwa kama nimekuja kufagia. Nikipanda na viatu vya ofisi, pedeli inavitafuna. Basi viatu vyangu vya maana vinaishi chini ya meza, kama paka."

Kiatu changu kinaingia ofisini bila kuomba radhi. Ngozi ya kahawia iliyokolea, pua nyembamba, kisigino kifupi. Ndani ya soli, pale pedeli inapokanyagwa, nimeweka bati jembamba ili mguu usiumie. Kamba zinaingia chini ya kifuniko, cheni isizikamate. Nyuma kuna ukanda unaong'aa taa za gari zikiupiga, na mchana huuoni.

Meneja alicheka. Kisha, nadhani ili nikae chini, akasema: jozi moja ikienda siku mia bila mshono kufunguka, atatoa jozi mia tatu. Mkutano ni tarehe 16 Juni.

Jozi hiyo imo kwenye boksi hili. Kipimo chako ninacho. Unaendesha kilomita ishirini na mbili kwa siku, na hujawahi kunionea huruma tangu nilipokuwa nashika nyundo kwa mikono miwili. Vaa kila siku. Niandikie kila Jumamosi. Sharti ni moja, na najua namwambia nani: usikiguse. Usikipake rangi, usikishone, usikigongee hata msumari. Kikifa, kife.

Mpwa wako


15 Februari

Marahaba, Kiherehere,

Boksi limefika, kona moja imebonyea. Mama yako mzima, analalamika paa linavuja na kwamba sisikii. La paa ni kweli. Mpe dada yako hongera, mwambie mtoto asivalishwe viatu mpaka atembee mwenyewe.

Daktari ana umri wa miaka thelathini na anakuja kazini kwa gari kutoka mtaa wa pili. Goti ni langu.

Kiatu nimekiangalia mchana kutwa. Kalibu ya mbao uliyoumbia kiatu ni ile niliyokuchongea, nimeijua kwenye upinde wa ndani. Bati umeliweka mahali pake. Kifuniko cha kamba ni akili, sikuwahi kukifikiria, na sitarudia kusema hivyo.

Mshono wa puani uko milimita mbili kutoka ukingoni. Mimi ningeacha nne. Utasema nne zinafanya pua iwe nene kama ya mpishi wa jeshi. Nimesema.

Naanza kesho, tarehe 16. Siku ya mia itaangukia 26 Mei.

Kuhusu sharti lako: mimi ni fundi viatu miaka arobaini na moja, na leo naambiwa nisiguse kiatu na mtoto niliyemfundisha kufunga kamba. Sawa.

Mjomba wako


7 Machi

Kiherehere,

Sote wazima. Paa limezibwa, linavuja upande mwingine. Mama yako amempigia simu daktari mbele yangu akidhani sisomi midomo.

Siku ya ishirini. Njia unaijua: milima miwili, daraja lenye vyuma, kisha kokoto mpaka karakana. Mvua siku sita. Soli haijapinda. Mguu hauumi, hata kwenye mlima wa pili ambapo zamani nilikuwa nashuka na kusukuma. Ukanda wa nyuma unafanya kazi. Dereva wa lori amenipigia honi ya heshima, jambo ambalo halijawahi kunitokea.

Juzi nilikwenda nacho msibani. Watu waliangalia miguu yangu kuliko jeneza. Mjane mwenyewe aliniuliza nimevinunua wapi. Nikamwambia bado havipo duniani.

Mishono yote imefunga. Ule wa puani nautazama.

Mjomba wako


4 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Natumaini u mzima. Mtoto wa dada ameanza kucheka. Mimi nilikuwa na mafua wiki nzima, yameisha.

Barua yako ya mwisho ni ya tarehe 14 Machi. Jumamosi tatu zimepita. Mama nikimuuliza anasema, "Kaka yangu anaendesha, namwona akipita." Nikimuuliza kiatu kiko vipi anasema maji yanachemka jikoni, anakata simu.

Hapa ofisini wamenipa jina, Madam Pedeli. Jana mtu amebandika picha ya kiatu chenye kengele kwenye meza yangu. Sikuibandua. Nimeichorea na taa.

Yule mama wa mashine za kushonea, aliyeanza kazi hapa kabla meneja hajaota ndevu, ndiye pekee anayeniuliza kila siku: "Mzee wako kafika siku ya ngapi?" Leo nimemwonyesha barua yako ya zamani.

Nambie tu kiatu kiko vipi.

Mpwa wako


12 Aprili

Kiherehere,

Mama yako amepata mashuka mapya, ya bluu, mawili makubwa na mawili madogo. Jirani wa upande wa kisima amehama, amekuja mwingine mwenye mbwa wawili. Paa tumelibadilisha lote, mabati kumi na nane, fundi alikuja Jumanne, akarudi Alhamisi, akamaliza Ijumaa. Bomba la karakana lilipasuka, nimelifunga. Goti halijambo.

Siku ya hamsini na sita. Kiatu ni kizima.

Mjomba wako


25 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Hongereni kwa paa. Barua ya mistari saba ya mabati na mistari yangu ni miwili, lakini nimeipokea kwa mikono yote.

Nilikwenda nayo moja kwa moja kwa meneja. Nikamsomea: kizima. Akauliza, "Huyo mjomba wako ni mtu wa kuaminika?" Nikamwambia ni mtu aliyerudisha viatu vya harusi kwa bwana harusi, siku ya harusi, kwa sababu kimoja kilikuwa kimekaza kuliko kingine. Meneja akachukua chaki, akaandika ubaoni, ukumbini, mbele ya kila anayeingia: SIKU 56. Sijui alitaka kunisaidia au kuninyonga. Kila asubuhi naongeza moja.

Picha ya kengele imebanduliwa, si na mimi.

Siku ya mia ikitimia, kiatu kipande basi la kwanza.

Mpwa wako


28 Mei

Kiherehere,

Mama yako mzima. Mimi mzima. Mbwa wa jirani mmoja amezaa.

Siku mia zimetimia juzi. Sikukosa hata moja. Viatu vimo ndani ya boksi, sikuvifuta vumbi, kama ulivyotaka.

Ukivitengeneza tena, acha milimita nne.

Mjomba wako


6 Juni

Shikamoo Mjomba,

Mama ameniambia kifua kilikubana wiki iliyopita na sasa umepona. Nashukuru. Mtoto ana jino.

Boksi nilifungua jana saa sita mchana, kwenye meza ya dirishani. Nilianza na kiatu cha kushoto. Kimechakaa kama kiatu kilichofanya kazi: soli imelika milimita mbili kisiginoni, ngozi ina mikunjo mitatu, mishono yote ya kiwandani imefunga. Nilikaribia kupiga kelele.

Kisha nikashika cha kulia.

Puani kuna mishono kumi na miwili iliyolalia kushoto. Mashine yetu inalaza mishono kulia. Fundi yeyote anayetumia mkono wa kulia anailaza kulia. Katika maisha yangu nimemjua mtu mmoja tu ambaye mishono yake inalala kushoto. Nimevaa kazi yake tangu darasa la kwanza, na darasani nilikuwa nikiuangalia mshono huo mwalimu akisema nisichokielewa.

Uzi ni wa nta. Wangu haukuwa na nta. Na chini ya mshono umeweka kipande cha ngozi, ukakiparua ukingo kisionekane. Umekifanya vizuri sana. Mtu mwingine asingejua.

Ubaoni kwetu pameandikwa SIKU 100. Niliandika mimi.

Sina matusi ya kukuandikia na wewe ni mkubwa wangu. Nina swali moja, na mkutano ni tarehe 16: kilifunguka siku ya ngapi?

Mpwa wako


13 Juni

Kiherehere,

Huku hakuna mgonjwa.

Siku ya thelathini na moja, 18 Machi. Nilipofika darajani nilisimama kumpisha mtu wa mkokoteni. Mimi hujisukuma kuondoka kwa mguu wa kulia, na ukingo wa pedeli unapita palepale puani kila ninapoondoka. Uzi ulikuwa umeshaliwa kidogo kidogo. Ukakatika mishono minne, kesho yake sita.

Niliendesha nacho hivyohivyo siku tatu, kama ulivyotaka. Kilikunywa maji. Siku ya tatu mteja alisimama mlangoni kwangu akanyoosha kidole: "Fundi, kiatu chako kinakucheka." Mlangoni kwangu mimi, ambapo watu huleta viatu vilivyoachama midomo vifungwe.

Siku ya nne ilikuwa Jumamosi, siku ya kukuandikia. Badala ya kalamu nilishika sindano.

Unasubiri niombe radhi. Sitaomba kwa ajili ya mshono. Miaka arobaini na moja hakijatoka kiatu kwangu kikiwa wazi, na mkono huu hauwezi kukaa mezani na tundu ukalitazama. Ungetaka mtu asiyegusa, ungempelekea daktari.

Kwa neno "kizima", hapo una haki. Kilikuwa kizima baada yangu. Nililiandika nikijua utalielewa vingine. Iko sababu, lakini hiyo sitaiandika.

Sasa soma sehemu hii mara mbili. Nilihamisha mshono mpaka milimita nne, uzi wa nta, na ngozi chini yake ili ukingo wa pedeli upite juu ya ngozi na si juu ya uzi. Toka siku ya thelathini na nne mpaka ya mia ni siku sitini na sita. Haujasogea hata uzi mmoja. Kila siku niliweka alama ya chaki nyuma ya mlango, na mama yako ameziona. Ndiyo, alijua. Nilimwambia asiseme, na yeye aliniambia nikuambie. Hatujasikilizana tangu tuzaliwe.

Mjomba wako


17 Juni

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imefika leo saa nne. Mkutano ulikuwa jana. Wote hatujambo.

Nilikwenda bila jibu lako. Nakueleza yaliyosemwa, kama yalivyosemwa.

Meza ilikuwa na watu tisa. Meneja alivishika viatu, akavigeuza, akapitisha kidole puani, juu kabisa ya mshono wako. Hakuona. Akasema, "Haya, nakiri. Mia tatu." Mtu wa mauzo akapiga makofi.

Nikasema, "Cha kulia kimeshonwa kwa mkono."

"Na nani?"

"Na aliyekuwa akikivaa. Kilifunguka njiani. Siku sijaijua."

Mtu wa mauzo akaficha mikono yake chini ya meza. Meneja akaniangalia kama mtu aliyerudishiwa chenji asiyoidai. "Sasa mbona hukunyamaza?"

"Kwa sababu jozi mia tatu zingefunguka mahali hapohapo, miguuni kwa watu wako katikati ya magari."

"Basi tumemaliza," akasema. "Nilisema mshono usifunguke. Umefunguka."

"Kimoja. Cha kushoto kimekwenda siku mia na mishono yetu wenyewe. Na cha kulia tatizo lake linaonekana, na dawa yake inaonekana, imeshonwa hapo mbele yako. Nipe siku mia nyingine."

"Kiwanda si shule."

Hapo mama wa mashine, aliyeitwa kuja kueleza habari za uzi tu, akasema, "Meneja, hivyo ulivyovaa ni vya gundi. Vinaishi juu ya zulia, na cha kushoto kimeachama tangu Pasaka. Nilinyamaza kwa adabu." Watu wote waliinama kuangalia. Mjomba, kweli kimeachama.

Akakasirika. Akasema kiwanda hakina haja na mchoro huo, niuchukue niende nao ninakotaka. Nikamwomba aandike hivyo. Akadhani natania. Nikamsogezea karatasi na kalamu. Aliandika mistari miwili, akatia saini mbele ya wote, ili tu nitoke. Karatasi ninayo, nimeitoa nakala tatu. Moja naituma kwa Mama.

Kisha nikaenda ukumbini. Nilifuta mia. Nikaandika: KULIA ?, KUSHOTO 100. Nimeambiwa nifute. Sijafuta. Leo asubuhi bado ipo, na barua yako ilipofika nimeandika 30 pale penye alama ya kuuliza.

Sijafukuzwa na sijaacha kazi. Lakini kiatu sasa ni changu, na nakitengeneza. Mama wa mashine ana mashine yake nyumbani. Milimita nne, uzi wa nta, ngozi chini. Umeshinda, na pua haitakuwa nene, kwa sababu nimeinua mkato wa juu kidogo, utaona. Jozi saba. Sita ni za hapa: karani wa benki, mwalimu wa hesabu, muuguzi, fundi wa lifti, mpiga picha, na katibu wa meneja, ambaye miaka minne amekuwa akija kwa baiskeli na kuificha nyuma ya jenereta. Karani ameshaniambia, "Kikinifungukia nitakuja nacho mpaka kwenu nikupigie nacho mlango." Hao ndio ninaowataka.

Ya saba ni yako, kwa sababu wote sita pamoja hawana mlima kama ule wako wa pili. Wanaanza Jumatatu, 6 Julai, saa moja asubuhi, pale maegesho ya baiskeli.

Lakini sindano zako, Mjomba, zote, utazikabidhi kwa Mama. Za wateja atakuwa akikutolea mwenyewe, moja moja.

Hasira bado ninazo. Usidhani barua ndefu ni msamaha.

Mpwa wako


28 Juni

Kiherehere,

Sote wazima. Mtoto wa mbwa mmoja amehamia kwetu bila kuulizwa. Daktari alikuja juzi. Nimemruhusu kuingia. Baiskeli sikuiondoa mlangoni, aliiruka.

Boksi limefika. Nimepima: milimita nne. Mkato wa juu ni mzuri kuliko nilivyokuwa nikikata mimi. Nilisema sitarudia kukusifu, basi hesabu hiyo ni kosa la kalamu.

Nakala ya karatasi ya meneja nimeisoma. Niliwahi kufanya kazi kwa mtu kama huyo miaka kumi na tisa, kila siku nikimezea. Ile sababu nisiyoiandika iko humo. Sikutaka wakucheke kama walivyonicheka. Sikujua kwamba ukichekwa unaandika ubaoni.

Mama yako alikuja karakana na mkebe. Amechukua sindano kumi na tisa, akazihesabu kwa sauti mbele ya wateja. Mteja mmoja akauliza kama nimefilisika. Mama yako akamjibu, "Hapana, yuko kwenye mtihani." Alipofika mlangoni nilimwita arudi. Ya ishirini ilikuwa imechomekwa ndani ya kola yangu, hapo inapokaa siku zote. Asingeiona. Nimeitoa mwenyewe nikamtilia mkebeni.

Kikifunguka, kitafunguka, na nitapita nacho mtaani hivyohivyo kikicheka, mpaka siku ya mia, ambayo ni 13 Oktoba. Nimeshachora mstari wa kwanza wa chaki nyuma ya mlango, bado hauna alama.

Naanza nanyi Jumatatu, saa moja. Barua ya kwanza naiposti Jumamosi, 11 Julai. Itaanza na mshono wa puani, cha kulia, kabla ya salamu.

Mjomba wako